Tungalifika Ngarambe Mapema

Msikilizaji, leo tuanze na silabi mbili tu: -ngali-. Walimu wa sarufi wametufundisha kwamba Kiswahili kinatofautisha sharti ambalo bado linaweza kutimia na sharti ambalo mlango wake umekwisha kufungwa. Ningekuja: huenda nikaja bado. Ningalikuja: ndiyo imetoka, siku imepita, na kilichobaki ni kushika tama. Siku hizi wengi wetu tunazichanganya -nge- na -ngali-, na wahariri wamechoka kutusahihisha. Hata hivyo tofauti ile haikuwekwa bure. Wazee waliona haja ya kuwa na chombo maalumu cha kurudi nyuma na kugusa kisichogusika: tungaliwahi, wasingalikufa, angalisikia. Ni mashine ya wakati isiyotumia umeme wala petroli, na hakuna asiyeipanda angalau mara moja usiku anapokosa usingizi.

Mashine ya vyuma imewashughulisha waandishi na wanasayansi kwa muda mrefu. Riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1895 ilimpa msafiri chombo cha kukalia, ingawa msafiri wake alikwenda mbele, maelfu kwa maelfu ya miaka, na si nyuma. Mwaka 1949 mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu, angalau kwenye karatasi, ulimwengu ambao mtu akisafiri mbali vya kutosha atajikuta amerudi katika jana yake mwenyewe. Stephen Hawking hakuamini. Alidhani maumbile yenyewe yanaulinda mlango huo, na tarehe 28 Juni 2009 akaandaa tafrija Cambridge, kisha akatoa mialiko baada ya tafrija kwisha, ili wasafiri wa wakati peke yao waweze kuhudhuria. Hakuja hata mmoja. Mimi nawaachia wanafizikia ugomvi wao. Ninalouliza ni hili: chombo hicho kikipatikana kesho asubuhi, je, itakuwa haki kukitumia kuyabadili yaliyopita?

Kwa kawaida swali hili huulizwa kwa mfano wa Hitler. Oktoba 2015 jarida la New York Times liliwauliza wasomaji wake kama wangerudi kumuua akiwa mtoto mchanga. Asilimia 42 walisema ndiyo, asilimia 30 hapana, na asilimia 28 hawakuwa na hakika. Nadhani mfano huo unatupotosha. Unatunasa kwenye suala la kumuua mtoto ambaye bado hajamkosea mtu, na tukishalijibu hilo tunadhani tumemaliza kazi. Basi tuiondoe damu kwanza. Msafiri wetu hana kisu wala sumu, amekwenda mikono mitupu na hana ila neno la kusema. Na asiende Austria. Aende Ngarambe, katika nchi ya Rufiji, mwaka 1904.

Hapo ndipo mganga Kinjekitile Ngwale alipoanza kugawa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika, akiwaambia watu kwamba risasi za Mjerumani hazitawadhuru. Habari ilisambaa kwa minong'ono, ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, ikavuka mipaka ya makabila ambayo siku nyingine yasingeketi pamoja. Ardhi ilikuwa tayari imelowana kwa hasira. Tangu mwaka 1902 Gavana Gustav Adolf von Götzen alikuwa ameanzisha mashamba ya pamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe. Watu wakalazimishwa kulima huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu, na malipo yakawa kiduchu kiasi kwamba wako waliokataa hata kuyapokea. Julai 1905, Nandete katika milima ya Matumbi, pamba iling'olewa. Kinjekitile alinyongwa tarehe 4 Agosti, kabla vita havijapamba moto (neno limejileta lenyewe). Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliliendea boma la Mahenge, wamejipaka maji yao, na bunduki za rashasha zikiwasubiri.

Hesabu ya vita vile, Vita vya Majimaji, mtu huisoma mara mbili akidhani amekosea. Wazungu waliokufa walikuwa 15. Kwa upande wa wenyeji, Wajerumani wenyewe walikadiria watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alishirikiana na John Iliffe na wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam kukusanya masimulizi ya wazee waliobaki, alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Jeshi lilichoma maghala, likateketeza mazao mashambani, likaizuia nchi isilime, mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki haikuweza kuifikia msituni. Sasa mtu ana chombo cha kumfikisha Ngarambe mwaka mmoja kabla. Anachotakiwa kufanya ni kumketisha Kinjekitile kivulini na kumwambia: risasi inapenya. Kuna sababu gani ya kumzuia asiende?

Sababu ninayoiona ni moja, nayo ni kubwa. Tuseme amekwenda, amesikilizwa, na vita havikupiganwa. Mwanamume aliyekuwa akimbilie Kilwa hakukimbia. Mjane wa Ungoni, kule kusini, hakuwa mjane, kwa hiyo hakuolewa tena. Kijana aliyekuwa akutane na mchumba wake kwenye foleni ya chakula cha misheni alibaki kwao akaoa jirani. Wala hatuhitaji mabadiliko makubwa kiasi hicho. Mimba hutungwa usiku fulani, saa fulani, kwa mbegu moja kati ya mamilioni. Wazazi wakichelewa nusu saa kwa sababu mgeni amepiga hodi, mtoto atakayezaliwa ni mwingine. Atapewa jina lilelile la babu, atalala kitanda kilekile, lakini atakuwa ndugu wa yule ambaye angalizaliwa, siye yeye. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984, aliuliza ni wangapi kati yetu wangezaliwa kama reli na magari yasingebuniwa. Hapa kwetu swali hilo halihitaji kutafsiriwa sana. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Ing'oe reli hiyo, na uhesabu ndoa ngapi za Tabora, Dodoma na Morogoro zinang'oka nayo. Vita vya Majimaji viliipindua sehemu kubwa ya nchi. Katika miaka 120 wimbi lake halikubaki kusini; limepita kwenye kila ukoo uliowahi kuhama, kuajiriwa, kusoma au kuoa mbali na kwao. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Msafiri akirudi kutoka Ngarambe atakuta nchi imejaa watu, ila karibu wote atakaowakuta si hawa.

Ndiyo maana nasema kwamba anayeyabadili ya zamani anawaokoa watu kwa kuwafuta wengine, na kufutwa si kufa. Aliyekufa ana kaburi. Ana matanga, ana hitima au misa, ana mtu wa kumtaja anapotambika. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayajengea nadharia nzima katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Kwa maelezo yake, marehemu haondoki katika Sasa siku anapozikwa; anakaa humo muda wote ambao wako wanaomkumbuka kwa jina, na anapokufa wa mwisho aliyemjua ndipo anazama katika Zamani. Wenzake wamembishia sana Mbiti, hasa juu ya madai yake kuhusu Waafrika na wakati ujao, na nadhani katika hilo walikuwa na haki. Lakini kwa jambo letu msamiati wake unatufaa. Aliyefutwa na msafiri wa wakati hayumo katika Sasa wala hatazama katika Zamani, kwa sababu hakuwahi kupita. Hakuna wa kumlilia, na mama yake hajui kwamba alikuwa na mtoto.

Najua pingamizi linalokuja. Asiyekuwapo halii. Kama mtu hakuzaliwa, nani amedhuriwa? Huwezi kumkosea asiyekuwepo, na baada ya safari hakuna hata mmoja atakayekwenda mahakamani. Pingamizi hili lina sura ya hoja nzito, lakini linasahau msafiri amesimama wapi anapofanya uamuzi. Hasimami mwaka 1904. Amesimama leo, kati ya watu walio hai: muuguzi aliye zamu, mtoto anayefanya hesabu kwenye daftari, wewe unayenisikiliza. Anawajua, anawaona, kisha anaondoka kwenda kufanya jambo ambalo litawaondoa wote bila kumuuliza hata mmoja. Kwamba baadaye hakutakuwa na wa kulalamika hakumsafishi. Ingekuwa hivyo, basi kumuua mtu asiye na ndugu, usingizini, bila maumivu, kusingekuwa kosa, maana naye hataamka kulalamika.

Mwingine atasema: mbona kila tendo linabadili nani atazaliwa? Ukijenga zahanati, ukianzisha soko, ukibadili ratiba ya basi, watoto wa mwakani hawatakuwa wale ambao wangekuwa. Kweli kabisa. Na hakuna anayemshitaki mjenzi wa zahanati, kwa sababu watoto wale ambao wangezaliwa hawajawa mtu yeyote. Ni uwezekano tu. Msafiri wetu hagusi uwezekano, anagusa watu waliokwisha kupewa majina. Hapo ndipo mstari ulipo, na nadhani ni mstari ambao hata mtoto anauona: kati ya kutopanda mti na kuukata ukiwa na matunda.

Lakini kuna pingamizi la tatu, na hilo linauma, wala sitaki kulipamba. Mtoto aliyekufa kwa njaa Ungoni mwaka 1906 naye hakuwa uwezekano. Alikuwa mtu. Alikuwa na jina, alikuwa na mama, alilia kwa sababu alikuwa na njaa na ghala limechomwa. Kwa nini sisi tuhesabiwe na yeye asihesabiwe? Je, kwa kuwa tumetangulia kuishika redio? Siwezi kulijibu kwa idadi, kwa kusema sisi ni milioni sitini na wao walikuwa laki tatu, maana haki haipimwi kwa mizani ya dukani. Na anayeanza kupima hivyo kesho atajikuta anamtoa mgonjwa mmoja viungo ili kuwaponya watano. Jibu langu ni jingine. Mtoto yule alikuwa na dai, na dai lake lilikuwa la haki kuliko lolote tunaloweza kulifikiria. Lakini madai yana anwani. Dai lake lilikuwa juu ya Götzen, juu ya maofisa walioamuru maghala yachomwe, juu ya dola iliyowatuma. Alidai chakula chake kisichomwe, naye hakudai kwamba muuguzi wa mwaka huu afutwe. Ukimlipa kwa kutumia maisha ya muuguzi unahamisha deni kutoka kwa mdaiwa hadi kwa mpita njia. Nakubali kwamba jibu hili halimrudishi mtoto. Hakuna jibu linalomrudisha.

Hapa inafaa tuirudie mashine kidogo, kwa sababu wako wanaoamini kwamba ufundi utatuondolea tatizo. Wanafalsafa wa Magharibi wana kisa maarufu cha mjukuu anayerudi nyuma kumuua babu yake kabla hajapata watoto. David Lewis, Mmarekani, alikichambua mwaka 1976 akasema mjukuu hatafanikiwa: atakosa shabaha, ujasiri utamwishia, lolote litatokea, kwa sababu yaliyotokea yametokea, na kama alikuwepo pale basi alikuwepo akishindwa. Wengine wanasema atafanikiwa, lakini katika tawi jingine la ulimwengu, na tawi letu litabaki lilivyo. Chukua la Lewis, na msafiri wa Ngarambe harudi na chochote. Labda ndiye yule mgeni asiyejulikana ambaye maneno yake yalizidi kumtia Kinjekitile moyo. Chukua la matawi, na mtoto wa Ungoni bado amekufa njaa. Ulichofanya ni kuongeza ulimwengu mwingine wenye mtoto anayefanana naye. Chukua la tatu, la wakati mmoja unaobadilika, na umetufuta. Moyo unataka jambo ambalo halimo katika hizo zote: kwamba yule asife na huyu abaki. Methali yetu ilikwisha kuliona hili bila fizikia. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Huwa tunaitumia kumkanya kijana asiyesikia, tukidhani inazungumzia kuchelewa tu. Lakini isikilize tena: majuto ni mjukuu wa tendo. Yamezaliwa nalo. Mjukuu huyo akirudi kumzuia babu yake, anajizuia mwenyewe kuzaliwa, na hakutakuwa na aliyejutia wala kilichojutiwa.

Mtu makini ataniuliza kuhusu mambo ya karibu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji. Tuseme chombo kingepatikana jioni ya siku hiyohiyo. Je, ningemzuia mtu asirudi usiku uliotangulia, kabla meli haijaondoka, kuwashusha abiria waliozidi? La, nisingemzuia, ningemsukuma mgongoni. Hoja yangu haisemi kwamba wakati uliopita ni mtakatifu. Inasema kwamba bei ya kuugusa inapanda kwa kila mtoto anayezaliwa. Jioni ile bei ilikuwa ndogo mno: saa chache za watu, zikilinganishwa na mamia ya roho. Baada ya mwaka mmoja, wajane wengine wameolewa na wana mimba. Leo, watoto waliozaliwa kwa sababu ya ajali ile ni watu wazima, nao wana watoto. Hakuna siku moja ambayo unaweza kuinyooshea kidole ukasema hapa ndipo mlango ulipofungwa. Ulifungwa kidogo kidogo, wodini, kwa wakunga. Nakiri kwamba mpaka wenye ukungu namna hii hauwaridhishi wapenda kanuni zilizonyooka. Ila ukungu wa mpaka haumaanishi kwamba nchi mbili ni moja.

Pingamizi linalonikera kuliko yote ni hili: kwamba nazungumza hivi kwa kuwa nimefaidika. Mwenye kuishi kwa sababu ya dhuluma ataitetea dhuluma. Na ni kweli tumefaidika, hata kwa ulimi ninaoutumia sasa hivi. Kiswahili kilikuwa lugha ya pwani. Kilichokipeleka bara kwa nguvu katika karne ya 19 kilikuwa misafara ya pembe na watumwa, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na kutoka Ujiji hadi Manyema ng'ambo ya ziwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza. Kufikia hapo lugha ilikuwa imekwishafika mbali pamoja na minyororo. Ifute biashara ile, na mazungumzo haya hayasikiki Bujumbura wala Kindu, au yanasikika kwa lugha nyingine, yakitolewa na mtu mwingine. Je, kulikubali hilo ni kuibariki biashara ya watumwa? Hapana, kwa sababu kulihukumu tendo ni jambo moja na kutamani lifutwe ni jambo jingine. Tendo huhukumiwa kwa walichotendewa waliofungwa minyororo, na hukumu yake haipungui hata chembe kwa sababu mimi ninakipenda Kiswahili. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wako akina mama waliobakwa wakazaa, nao wako waliofika mahali pa kumpenda mtoto kwa moyo wote na kulichukia kwa moyo wote lile lililomleta. Nani atawaambia kwamba wanajipinga, na wachague moja? Wanalifahamu jambo hili kuliko sisi tunaolijadili kwa maneno.

Na kuna watu ambao msafiri wetu hakuwafikiria kabisa, nao ni wapiganaji wenyewe. Anakwenda kuwaambia kwamba risasi inapenya, kana kwamba hawakuwahi kuona mtu amepigwa risasi. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile, alimwonyesha mganga anayejua maji yana mpaka na anayekataa kuyakana mbele ya Wajerumani kwa sababu aliona watakachofanya na kukana huko: watawaambia watoto kwamba waliopigana walikosea. Hiyo ni sanaa, si ushahidi wa mahakamani. Lakini mwaka 1956, Julius Nyerere aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai uhuru wa Tanganyika, alivitaja vita vile kama vita vya watu waliokataa kutawaliwa. Haikuwa kwake hadithi ya wapumbavu wa maji. Songea wameuita uwanja wao Majimaji, na timu yao ya mpira Majimaji, Wanalizombe, iliyowahi kuchukua ubingwa wa nchi. Mtu hampi mtoto wake jina la aibu. Msafiri anayeufuta uamuzi wa wafu kwa sababu uliwaponza anawafanyia alichowafanyia Götzen kwa namna nyingine: anawaamulia.

Tena angalia ni nani hasa atakayemshukuru. Katika historia iliyobadilishwa, Götzen hahukumiwi. Anakuwa mtu asiye na kosa. Hakuchoma ghala, hakumnyonga mtu, anastaafu na nishani zake kifuani, mikono safi. Msafiri amempa msamaha ambao hakuuomba, na aliyeutoa si yule aliyekosewa. Sisemi hili kwa kubuni tu, kwa sababu wako waliowahi kujaribu kuyabadili ya zamani kwa chombo walichokuwa nacho, yaani kiberiti. Waingereza walipokuwa wakijiandaa kuondoka katika makoloni yao, mafaili mengi yalichomwa au kuzamishwa majini, na mengine yakasafirishwa kimyakimya hadi Uingereza, yakafichwa Hanslope Park mpaka serikali ilipokiri mwaka 2011. Kwa mtesaji, faili lililoungua na tendo lisilowahi kutokea vinazaa matunda yaleyale. Wazee wa Mau Mau wa Kenya, walioteswa chini ya utawala wa Waingereza, walishinda kwa sababu kiberiti hakikumaliza kazi. Walisimama mahakamani London wakiwa na makovu yao na karatasi zilizosalia, na tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba inajutia mateso yale na italipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wadai 5,228. Fedha ile haikutosha, na waliobaki nje ya orodha walikuwa wengi. Lakini ilitoka kwa mdaiwa ikaenda kwa mdai, na haikumfuta mtu.

Waswahili husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii hutajwa sana na wale wanaodaiwa, na kwa sababu hiyo nimekuwa nikiitazama kwa jicho la shaka. Yako yaliyopita ambayo ni ndwele kabisa, na yanagangika bila chombo cha kurudi nyuma. Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 asikamatwe, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliogawa mataifa, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo katika miezi sita. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Lilirudi mwaka 1954, na leo liko Kalenga, karibu na Iringa, ambapo mtoto wa shule anaweza kwenda kulitazama. Huko Songea, mapema mwaka 1906, Wajerumani waliwanyonga Nduna Songea Mbano na wenzake zaidi ya sitini, na inaaminika kwamba kichwa chake nacho kilichukuliwa.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Alikutana na ukoo wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu, ambalo hadi siku hiyo lilikuwa halijapatikana. Majuto yalichukua miaka 117 kufika, na yalipofika yaliwakuta wajukuu wapo.